Kupanga Programu ya Ugani Pamoja na Wanakijiji: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Vijijini Kandokando ya Bukavu

Programu nyingi za kufundisha wakulima katika milima inayoizunguka Bukavu, mji wa Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, huharibika kabla gari halijafika Mudaka. Huharibikia mezani, mjini, siku ambayo mtu anaandika malengo, bajeti na orodha ya masomo, kisha anapanda kijijini kuomba watu wakubali jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Wanakijiji hulitambua hilo upesi. Watakuja, watapiga makofi, watatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio na watapokea mbegu, na baada ya mwaka shamba litakuwa vile vile lilivyokuwa.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaoanza kazi hiyo: mwanafunzi anayetoka ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, au chuo kingine cha mji wetu, agronomu aliyetumwa kwenye groupement (kundi la vijiji chini ya chifu mmoja) asiyoifahamu, kamati ya parokia iliyopata fedha kidogo na haijui ianzie wapi. Vitabu vya Kiswahili huiita kazi hii ugani, ingawa hapa kwetu watu husema vulgarizasio, na anayeifanya huitwa agronomu hata kama hakusomea kilimo. Kwa maana yake ya ndani ni elimu ya watu wazima nje ya shule, inayohusu kazi ambayo wanafunzi wenyewe wanaifanya kila siku na ambayo mara nyingi wanaijua kuliko mwalimu. Hiyo ndiyo sababu haiwezi kupangwa bila wao. Sisemi hivyo kwa kuwaheshimu tu. Nasema hivyo kwa kuwa habari ambazo mpango unazihitaji ziko kwao na hazipatikani kwingine.

Anza na mvua, mkataba utafuata

Mwaka wa mkulima wa Kabare na Walungu, maeneo ya karibu na mji, una misimu miwili mikubwa. Msimu wa A huanza Septemba mvua zinaporudi na huishia Januari. Msimu wa B huanza Februari na huishia Juni. Wenye vipande katika mabonde ya kinamasi huongeza msimu wa C wakati wa kiangazi. Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, kisha hesabu kurudi nyuma. Anayetaka somo la kupanda maharagi lifike shambani Septemba inampasa awe amekaa na wanakijiji Mei na Juni, awe amekubaliana nao mwezi wa saba, na mbegu ziwe mkononi kabla Agosti haijaisha. Kiangazi ndiyo nafasi nzuri ya mikutano mirefu, kwa kuwa jembe la wengi limepumzika, isipokuwa kwa wale wa kinamasi, ambao wakati huo ndipo wana kazi nyingi zaidi na ambao husahauliwa na kila mradi.

Hutokea mara nyingi kwamba fedha za mfadhili zinafika Oktoba. Wengi hukimbilia kugawa mbegu ili waweze kuandika kwamba msimu wa A haukupita bure. Usifanye hivyo. Mbegu iliyopandwa kwa kuchelewa huliwa na kiangazi kifupi au na magonjwa, na mkulima huhesabu hasara hiyo kwa jina lako. Tumia msimu huo kutembea, kuuliza, na kulima kipande kimoja cha kujifunzia pamoja na watu wachache, kisha panga mafundisho yenyewe kwa msimu wa B. Mfadhili akielezwa hivyo kwa maandishi, pamoja na kalenda ya mvua, mara nyingi huelewa.

Ndani ya mwaka kuna wiki, na ndani ya wiki kuna siku ambazo hazifai. Siku ya soko la Mudaka au la Mugogo hutawapata akina mama. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja, ni ya kijiji. Mwanzo wa Septemba kila mzazi anatafuta pesa za shule, kwa hiyo mtu asipange siku hizo kumwomba mchango. Na kilio kikitokea, mkutano umekwisha. Mpango usio na wiki mbili za akiba kwa mambo ya namna hiyo umeandikwa na mtu asiyekaa kijijini.

Kubisha hodi

Sehemu hii naipitia kwa haraka, kwa sababu wengi wanaifanya vizuri. Unaanza kwa ofisi ya kilimo ya eneo, unamjulisha agronomu wa serikali aliye karibu, unafika kwa chifu wa groupement na wa kijiji, na inapobidi unafika kwa mwami, mtawala wa jadi. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 inayohusu misingi ya kilimo, yenye namba 11/022, inataka kuwe na mabaraza ya ushauri wa kilimo ambamo wakulima wenyewe wana sauti, na kabla yake yalikuwepo mabaraza yanayojulikana kwa herufi CARG. Uliza kama lipo lililo hai mahali unapokwenda. Likiwepo, litumie, kwa sababu linaweza kuendelea baada ya mradi wako kwisha. Lakini usimalizie shughuli zote kwa chifu. Mzee atakuteulia watu wake, na hao ndio watakaokuja kwenye kila mafunzo, wa shirika lako na la wengine, hadi uwajue kwa nguo zao.

Shamba hili ni la nani?

Kama kuna sehemu moja tu ya mwongozo huu ambayo ningependa isomwe mara mbili, ni hii.

Katika miaka yangu ya kwanza, shirika nililofanyia kazi lilikuwa na programu ya kuzuia mmomonyoko. Milima ya Walungu ina miteremko mikali, udongo umechoka, na mvua kubwa hushusha rutuba yote bondeni. Dawa yake inajulikana: kuchimba mifereji inayofuata usawa wa mlima na kupanda juu yake vichaka vinavyoshika udongo na kulisha mbuzi. Tulikusanya kikundi cha akina mama, tukafundisha kwa wiki sita, na walipanda kwa bidii kiasi kwamba wageni wa mjini waliletwa kuangalia. Msimu uliofuata nilirudi peke yangu kwa miguu. Katika shamba la mama mmoja mistari ilikuwa imekwisha. Vichaka vyote vilikuwa vimeng'olewa na kufungwa mafungu kama kuni, vikiegemea ukuta wa jiko. Nilimwuliza kulikuwa na nini. Alinikaribisha kiti kwanza, halafu akasema bila hasira: "Papa agronomu, mwenye shamba alikuja akaona miti. Akasema nataka kumnyang'anya udongo wa baba yake. Nilivivuta mwenyewe siku ile ile, ili aniachie nivune maharagi." Nilimwuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo kwamba shamba si lake. Akashangaa kidogo. "Siku ile muliuliza nani analima hapa, nikanyoosha mkono. Si mimi ndiye ninayelima?"

Yeyote aliyezaliwa Bushi, nchi ya Washi, angeweza kunieleza jambo hilo kwa dakika mbili. Kuna ardhi ya kalinzi, ambayo ukoo uliipata kwa kutoa ng'ombe au mali nyingine kwa mwami au kwa aliye chini yake, na haki yake ni ya kudumu, watoto huirithi. Na kuna bwasa, ambayo ni kukodi kipande kwa msimu au kwa muda mfupi, kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, iwe mgomba, kahawa au mti, kwa sababu kwa desturi anayepanda mti anatangaza kwamba ardhi ni yake. Sisi tulikuwa tumewafundisha akina mama wa bwasa kufanya tendo ambalo machoni pa jirani zao lilikuwa karibu na wizi.

Kwa hiyo katika ziara ya kwanza, kabla ya neno lolote kuhusu mbegu, uliza maswali haya kwa kila kipande cha shamba, na uyaandike katika daftari: nani analima, nani ni mwenye shamba na alilipata vipi, nani anaamua kitakachopandwa, nani anauza mavuno, na pesa hiyo inakaa kwa nani. Usiyaulize mbele ya watu wote. Yaulize ukiwa shambani, mkitembea wawili watatu, kwa sauti ya kawaida. Majibu yake yataigawa programu yako yenyewe bila wewe kuigawa. Aliye kwenye bwasa afundishwe yale yanayolipa ndani ya msimu mmoja: kuchagua mbegu, nafasi kati ya mimea, palizi kwa wakati, mboji anayoweza kuihamisha, kuhifadhi mavuno yasiliwe na wadudu. Mwenye kalinzi anaweza kufundishwa migomba, kahawa, miti na mifereji. Na kuna kazi ya tatu, ngumu kuliko hizo mbili, ya kuwakalisha pamoja wenye mashamba na wanaokodi ili wakubaliane misimu kadhaa kwa maandishi, mbele ya chifu na mashahidi, kwamba kichaka kilichopandwa kwenye mfereji hakimpi mtu ardhi. Programu ya udongo isiyo na kazi hiyo ya tatu, mimi singeisaini.

Kuna tabaka jingine. Wanaume wengi wa vijiji hivi wako kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kamituga na kwingineko, au wanaendesha pikipiki mjini. Nyumbani amebaki mke. Maharagi ni ya mwanamke, analima na kupika bila kumwuliza mtu. Lakini mgomba kwa desturi ni wa mwanaume, na mke hana ruhusa ya kukata shina bila neno la mume. Ukimfundisha yeye peke yake kukata migomba yenye ugonjwa, umempa elimu asiyoweza kuitumia. Mwite mume arudi siku hizo, au umpigie simu mbele ya mke wake, au mwombe mzee wa ukoo awepo.

Kutembea na kuchora

Baada ya hapo ndipo zinakuja zile mbinu ambazo kila mwanafunzi amezisoma. Katiza kijiji kwa miguu kutoka mtoni hadi kilele, pamoja na watu watatu au wanne wa umri tofauti, na usimame kila mahali udongo unapobadilika rangi. Chora ramani chini, kwa kijiti, majivu na mawe, ili hata asiyejua kusoma aweze kuisahihisha. Tengeneza kalenda ya mwaka kwa mbegu: maharagi mengi juu ya mwezi wenye kazi nyingi, mahindi juu ya mwezi wenye njaa. Utaona kwamba Oktoba na Novemba mafungu yote mawili yanapanda pamoja, kwani mbegu imeshaingia ardhini na ghala ni tupu, na hapo utajua kwamba mafunzo ya mchana mzima katika miezi hiyo ni kuwaongezea watu mzigo wakiwa na tumbo tupu.

Wanaume wachore peke yao, wanawake peke yao, vijana peke yao, halafu ramani zote tatu ziangaliwe na wote. Muda mwingi uuache hapo, kwa kuwa mabishano yanayozuka kati ya ramani ndiyo mali yenyewe. Niliona ramani ya wanaume yenye barabara, kanisa, soko na migomba ya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ikiwa safi na kubwa, na ramani ya wake zao yenye chemchemi mbili ambazo hazikuwepo kabisa kwenye ile ya kwanza, moja ikiwa imekauka. Mzee mmoja alidai kwamba haijakauka. Akina mama walicheka hadi wakajifuta machozi, maana hakuwa amefika pale tangu ujana wake.

Lugha nayo ni sehemu ya kupanga. Kiswahili chetu kinatosha sokoni na kanisani, lakini mama wa ndani ya Kabare akitaka kueleza uchungu wa shamba lake ataueleza kwa Mashi, wa Kalehe na Idjwi kwa Kihavu. Chukua maneno yao yalivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watoto wake wanakosa protini. Walisema bwaki, neno ambalo Bukavu nzima inalijua kiasi kwamba shirika moja la zamani la hapa, Comité Anti-Bwaki, lilijiita kwalo. Tatizo likiandikwa kwa jina lake la kijijini, kila mtu anajua linamhusu nani.

Kuchagua tatizo ambalo elimu inaweza kulitatua

Ukiuliza watu wanahitaji nini, watakutajia barabara, mashine ya kusaga, zahanati, mbuzi na paa la shule. Wamezoea kuona magari ya mashirika, na wanajua kila gari lina sanduku. Hawakosei kutaja. Lakini kazi ya mpangaji ni kuketi nao na kuyatenganisha matatizo katika mafungu matatu: lile ambalo mtu akijua jambo fulani na kulifanya litapungua, lile linalotaka pesa au sheria, na lile linalotaka amani, ambalo mimi na wewe hatuna funguo zake. Ugani hushughulikia fungu la kwanza. Sema hivyo waziwazi siku hiyo hiyo, ili mtu asiketi miezi minane akingoja mashine ya kusaga.

Kisha wapige kura kwa punje za maharagi, kila mtu punje tano, akiziweka kwenye vikapu vilivyofunikwa kidogo ili jirani asione. Wape wanawake punje za rangi moja na wanaume za rangi nyingine. Hesabu ikimalizika, usitangaze tu mshindi, onyesha rangi. Panapokuwa na jambo lililochaguliwa na rangi moja peke yake, pana habari ya kuulizia.

Nichukue mfano wa mnyauko wa migomba, kwa sababu ndio ulioshinda katika vikapu vingi nilivyohesabu. Ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye mmea wa ensete, ndugu wa mgomba, na mwaka 2001 ukaonekana Uganda na pia kwetu Kongo, upande wa Masisi, kisha ukashuka hadi huku Kivu Kusini. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpango, ndani yake huwa na rangi ya kutu, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Husambazwa na wadudu wanaotembelea ua la kiume, yaani ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu, na husambazwa zaidi na panga ya mkulima mwenyewe inapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Kwa miaka mingi fundisho lilikuwa moja: ng'oa shina lote na watoto wake, fukia, na usipande ndizi pale kwa muda. Kielimu lilikuwa sahihi. Wakulima hawakulifanya, na sisi tuliandika kwenye ripoti kwamba ni wagumu. Laiti tungekaa nao na kuhesabu, tungeona. Kung'oa kisiki kimoja cha mgomba wa zamani ni kazi nzito ya mtu mwenye nguvu, na wenye nguvu wako machimboni. Zaidi ya hayo, kisiki hicho kina watoto ambao bado ni wazima, na ndio kasiksi ya krismasi na pesa ya shule. Baadaye watafiti, ambao walifanya kazi na wakulima wa hapa Kivu pia, walionyesha kwamba yafaa kukata lile shina moja lenye ugonjwa, usawa wa ardhi, mara tu linapoonekana, na kurudia ukaguzi kila wiki bila kuchoka. Ugonjwa hushuka sana ikiwa pia panga inapitishwa motoni hadi iwe moto kabisa, au inaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na ikiwa ua la kiume linavunjwa kwa kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Watu wanalifanya hilo, kwa kuwa linalingana na mikono waliyo nayo. Mpango uliopangwa nao ungeanza na hesabu hiyo ya mikono na ungefika mapema zaidi.

Kabla ya kufundisha lolote, hakikisha kwanza jambo lenyewe ni kweli. Kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko Mulungu, na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wana kituo chao Kalambo, vyote si mbali na mji. Kwenda kuuliza ni nusu siku. Usiwafundishe watu kwa kutegemea karatasi uliyorithi kwa aliyekutangulia.

Kuandika lengo

Lengo liwe na mtu, tendo, mahali na muda. "Kuimarisha uwezo wa wakulima" si lengo, maana hakuna anayeweza kwenda shambani kuliangalia. Kwa mfano: kufikia mwisho wa msimu wa B, kaya 60 kati ya 90 za vijiji hivi viwili zitakuwa zinapitisha panga motoni kati ya mgomba na mgomba, na katika mashamba yao hakutakuwa na ua la kiume lililoachwa baada ya kichane cha mwisho. Namba hizo wazitaje wanakijiji. Mara nyingi watataja ndogo kuliko unayoitaka, na mara nyingi wao ndio watakaokuwa sahihi.

Namna ya kufundisha

Njia ninayoiamini ni shamba darasa, ambalo Wakongomani wa miradi huliita CEP kwa herufi za Kifaransa. Lilianza Indonesia mwaka 1989, FAO ilipowasaidia wakulima wa mpunga kupambana na wadudu bila kumwaga sumu ovyo. Watu 20 hadi 30 hukutana karibu kila wiki kwa msimu mzima katika shamba moja. Nusu ya shamba hulimwa kama zamani, nusu kwa namna mpya, na kila mkutano huanza kwa kuingia shambani, kuangalia, kuhesabu, kuchora na kubishana. Mwalimu hasemi sana. Hili ni gumu kwetu tuliosoma, kwa sababu tumefundishwa kwamba anayenyamaza hajui.

Shamba hilo lichaguliwe na kikundi. Lisiwe la chifu, na lisiwe lile lenye rutuba kando ya barabara ambalo wageni hulipenda. Likiwa la mtu, iandikwe mapema mavuno ni ya nani. Saa za mkutano wazitaje akina mama, nao watataja saa ambazo wewe huzipendi. Mwenye mtoto mgongoni apate pa kuketi kwenye kivuli. Mada iwe moja kwa siku moja; ukimaliza kwa saa moja na nusu, waache waende.

Redio husaidia kukumbusha. Redio Maendeleo imekuwa ikizungumza na vijiji tangu miaka ya 1990, na wakulima hupenda kusikia sauti ya jirani yao ikieleza jambo alilolifanya. Lakini hakuna aliyejifunza kuvunja ua la mgomba kwa redio peke yake.

Kuhusu perdiemu, yaani posho ya kuhudhuria, najua nitawaudhi wenzangu. Anayetoka mbali alipiwe nauli, anayeshinda mchana kutwa apewe chakula, bugali na maharagi au sombe na sambaza, kilichopikwa na watu wa kijiji na kulipiwa. Pesa ya kuketi katika shamba la kijiji chako mwenyewe, hapana. Hilo liamuliwe na kikao cha kwanza, lisomwe kwa sauti, na mashirika mengine ya eneo hilo yaombwe kushika kanuni hiyo hiyo, maana mmoja akilipa, wote mmekwisha. Nguvu ya kuendelea itafutwe kwingine: kikundi chenye MUSO yake, ambapo kila mtu anaweka franka chache kila wiki na kukopeshana, hukutana hata agronomu asipokuja.

Fedha na njia

Weka katika bajeti pikipiki na mafuta zaidi ya unavyofikiri, kwani mvua zikianza gari halifiki, na mwendo wa saa moja unakuwa wa tatu. Weka pesa kidogo kidogo, kwa njia mbalimbali. Februari 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, vikundi vilivyokuwa na fedha zote kwenye akaunti moja vilikwama, na vile vilivyozoea kulipana kwa simu au kutunza sanduku lenye funguo tatu viliendelea kupanda. Andika pia, katika ukurasa mmoja, nini kitafanyika mhamasishaji wa nje akishindwa kufika kwa miezi miwili: nani ataita mkutano, nani ana ufunguo wa ghala, nani anaandika daftari.

Kupima

Mwaka 1975 Mmarekani Claude Bennett alipanga matokeo ya ugani kama ngazi: chini kabisa ni fedha na muda uliotumika, kisha shughuli, kisha waliohudhuria, kisha walivyopendezwa, kisha walichojua na kuweza, kisha walichobadilisha katika kazi, na juu kabisa ni maisha yaliyobadilika. Ripoti zetu nyingi hukaa kwenye ngazi ya tatu. Zinahesabu vichwa. Ili upande hadi ya sita huhitaji mtaalamu kutoka nje. Unahitaji kutembea bila taarifa asubuhi moja, katika mashamba kumi yaliyochaguliwa kwa kura, na kuangalia juu. Ua la kiume lipo au halipo. Angalia panga pia: iliyopita motoni mara nyingi ina weusi kwenye makali, na hakuna anayeweza kuupaka asubuhi ile kwa ajili yako.

Utembee pamoja na wawili wa kikundi, na wao ndio waandike. Halafu, kabla ripoti haijaenda mjini, isome mbele ya kijiji kizima kwa lugha yao, namba kwa namba, na uwaachie muda wa kusema hapana. Katika kikao kimoja mama alisimama akasema kwamba shamba lake limeandikwa limefaulu, kumbe migomba ile aliikata mumewe yote ili auze kiwanja. Tulifuta. Nakala ya ripoti iliyosahihishwa ibaki kwa mwandishi wa kikundi, ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji, pamoja na ile orodha ya kwanza ya nani analima na nani ni mwenye shamba, na tarehe ya kikao cha kupanga msimu unaofuata iandikwe juu yake kabla watu hawajatawanyika.